Doria ya baiskeli: jifunze kwenda polepole kwanza

Ukimwona askari wa baiskeli anachoma mbio, ujue kuna jambo limeharibika mahali. Saa nyingine zote za zamu yake, ambazo ndizo nyingi, huenda mwendo wa mama aliyejitwika ndoo ya maji: taratibu, shingo imenyooka, macho mbele. Nawaandikia vijana wetu wa huku jimbo la Washington wanaoingia polisi na kupangiwa baiskeli, maana hawakosi kunipigia simu: "Shangazi, nianze kukimbia alfajiri? Ninunue baiskeli ya mashindano?" Hapana, mwanangu. Tafuta uwanja mtupu wa kuegeshea magari, ujifunze kwenda polepole bila kutia mguu chini. Mbio zitakuja zenyewe.

Mimi ni mtoto wa Tanga, mji wa baiskeli. Nilijifunzia Phoenix ya baba, nikipitisha mguu chini ya bomba la katikati kwa kuwa siti sikuifikia. Ukubwani nikawa askari katika mji mdogo ulio kusini mwa Seattle, nikafanya doria ya baiskeli kwa miaka, kisha nikawa nafundisha wapya. Ninayoyasema ni ya huku, kwenye vilima, mvua na reli za tramu. Walioko nyumbani watachukua yanayowafaa.

Kwanza ujue kwa nini umepewa baiskeli, kwa sababu wenzako wa magari watakutania. Mwaka 1987 Seattle walikuwa wanachimba njia ya mabasi chini ya ardhi katikati ya jiji. Barabara zilifungwa, foleni ikawa haisogei, na askari aliyeitwa kwenye tukio mtaa wa tatu alikuwa anafika mwizi keshakwenda. Askari wawili, Paul Grady na Mike Miller, wakaingia barabarani na baiskeli za milimani. Wakapita katikati ya foleni, wakaingia vichochoroni bila kusikika, wakakamata watu waliokuwa wamezoea kusikiliza injini. Miji mingine ikaiga. Si kwamba wazo lilikuwa jipya. New York ilikuwa na kikosi cha baiskeli tangu 1895, Theodore Roosevelt alipokuwa anaongoza bodi ya polisi ya jiji, na kazi yao mojawapo ilikuwa kuwazuia farasi waliokurupuka na mikokoteni yao. Gari ndilo lililozifanya baiskeli zisahauliwe, na foleni ya magari ndiyo iliyozirudisha.

Baiskeli yenyewe na kile unachokalia

Usichukue baiskeli kwa sababu ni mpya. Ipande, kisha shuka mbele ya siti na usimame ukiwa umeipanua miguu juu ya bomba. Lazima ibaki nafasi ya kutosha kati yako na chuma, zaidi ya ile ambayo mtu wa kawaida angeitaka, kwa sababu wewe utakuwa unaruka chini ghafla ukiwa na mkanda uliojaa vitu. Fremu ndogo kidogo ni salama kuliko kubwa kidogo.

Tairi ziwe pana, laini katikati na zenye meno pembeni. Meno matupu yanalia barabarani, mtu anakusikia kabla hujafika. Breki ziwe za diski, kwa mvua ya huku hakuna mjadala. Gia ya chini kabisa iwe nyepesi mpaka uone kama unachezea, kwa sababu siku utakayopanda James Street kutoka chini mjini ukiwa na fulana ya kuzuia risasi kifuani utaishukuru. Pedeli ziwe bapa, zisizonasa kiatu. Wako wanaopenda viatu vya kunasa, wanasema vinawapa nguvu. Mimi sivitaki kwenye kazi hii hata kidogo: mguu unaochelewa kutoka ni mguu ulionasa wakati mtu anakujia na kisu.

Nyuma, juu ya karia, kuna mfuko. Ndani weka vifaa vya huduma ya kwanza, glavu za mpira, koti la mvua, fomu, tyubu ya akiba, vyuma vya kutolea tairi na pampu ndogo. Weka na naloksoni, ile dawa ya kupuliza puani inayomrudisha mtu aliyezidisha heroini. Askari wa baiskeli wa Seattle walianza kuibeba mwaka 2016, na sababu ni nyepesi kuielewa: kwenye kichochoro au chini ya daraja, mara nyingi baiskeli ndiyo inayofika ya kwanza. Usijaze mfuko mpaka ukafura. Kila kilo unayoiweka nyuma utaikumbuka kwenye ngazi.

Sasa siti. Hapa nitakawia kidogo, na vijana wa kiume mnisikilize bila kucheka.

NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza afya ya wafanyakazi, iliwachunguza askari wa doria ya baiskeli kwa sababu walikuwa wanalalamikia ganzi. Siti ya kawaida ina pua ndefu mbele. Ukiikalia saa nyingi, na uzito wa mkanda na fulana juu yako, ile pua inakandamiza msamba, mahali inapopita mishipa ya damu na ya fahamu inayokwenda sehemu za siri. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008 waliwapa askari 90 siti zisizo na pua, wakazitumia miezi sita. Mgandamizo kwenye msamba ulipungua kwa asilimia 66. Wasiopata ganzi kabisa walikuwa asilimia 27 mwanzoni, wakafika asilimia 82. Nguvu za kiume nazo ziliongezeka, na karibu wote waliomaliza utafiti, asilimia 97, waliendelea na siti zile.

Kwa hiyo omba siti isiyo na pua. Siku za mwanzo utahisi unateleza mbele, na kuendesha bila mikono kutakuwa kugumu kwa sababu mapaja hayana cha kushika. Inua usukani kidogo, siti iwe bapa, vumilia. Ganzi ikikupata kwenye siti yoyote ile, simama juu ya pedeli kila baada ya muda, na umwambie daktari. Wanaume wetu huficha mambo haya mpaka yaharibike. Na wanawake msidhani hayawahusu: ganzi tunaipata sisi pia, na juu yake kuna mkanda unaochubua nyonga. Hamisha vitu vizito vikae pembeni, usiache kitu kigumu kwenye uti wa mgongo. Pingu zilizokaa katikati ya mgongo, siku ukianguka chali, zinaweza kukuvunja.

Mavazi sitayachambua sana. Helmeti, miwani isiyo na giza kwa usiku na mvua, glavu zenye vidole unazoweza kufyatulia bastola (zijaribu uwanjani, usingoje siku ya haja), suruali iliyobana kifundoni upande wa cheni. Koti liwe na rangi ya kuonekana. Mwezi wa Desemba jua la Seattle linazama kama saa 10 na dakika 20 jioni, kwa hiyo zamu ya mchana nusu yake ni usiku.

Kabla hujatoka kituoni

Minya tairi kwa kidole gumba. Minya breki zote mbili, zisifike kwenye usukani. Zungusha pedeli kinyumenyume, sikiliza cheni. Shika magurudumu uyatikise kushoto na kulia, yasicheze. Kisha inua baiskeli kidogo tu, uiachie itue kwa magurudumu. Ikilia kitu, tafuta kilicholegea. Dakika mbili zinatosha. Taa uziwashe zote, hata asubuhi.

Mazoezi ya polepole

Kozi ya msingi ya IPMBA, chama cha kimataifa cha askari wa baiskeli, ni ya saa 32, na sehemu yake kubwa ni koni za plastiki uwanjani. Wapya huona ni mchezo wa watoto mpaka waanze kuzigonga.

Panga koni mstari mmoja, uzipite kwa kupindapinda. Ukishaweza, zikaribishe. Kisha chora mraba wenye upana sawa na urefu wa baiskeli mbili zilizounganishwa, uingie, uzunguke humo ndani, utoke ulipoingilia. Ukishaweza peke yako, aingie na mwenzako, mzunguke wawili bila kugusana. Hapo ndipo utajua kama unajua baiskeli.

Siri ziko tatu, na zote ni za mwili. Ya kwanza ni macho: tazama unakotaka kwenda, si koni. Ukiikodolea macho koni, utaigonga. Ukilikodolea shimo, utaingia. Ya pili ni breki ya nyuma: iguse kidogo huku unaendelea kusukuma pedeli, nguvu mbili zipingane. Baiskeli hutulia, haiyumbi, na unakuwa na mwendo mdogo unaoutawala. Breki ya mbele usiiguse ukiwa umekata kona polepole, itakulaza chini papo hapo. Ya tatu ni pedeli: usizizungushe mduara mzima ukiwa mahali pembamba. Piga nusu mbele, rudisha nyuma, piga nusu tena, mguu wako wenye nguvu ukiwa juu na mbele, tayari. Hivyo hata ukisimama una nguvu ya kuondokea.

Baada ya hapo jifunze kusimama juu ya baiskeli bila kutia mguu chini. Tafuta mahali penye mwinuko kidogo, geuza gurudumu la mbele lielekee upande wa mwinuko, pedeli ziwe sawa, kandamiza kidogo, achia, kandamiza. Kwenye taa nyekundu utaonekana hodari, lakini faida yake halisi iko kwenye umati. Watu wamejaa mbele ya soko la Pike Place, mtalii amesimama ghafla kupiga picha, mtoto amekatiza. Asiyejua kusimama hivi huweka mguu chini, hupepesuka, na mkanda humvuta.

Kufunga breki kwa ghafla kunataka siku yake. Nguvu nyingi ya kusimamisha iko mbele, lakini ukifunga ya mbele peke yake huku umeketi, unapaa juu ya usukani. Rudisha makalio nyuma ya siti, nyoosha mikono bila kuikaza, funga zote mbili kwa pamoja ukiongeza nguvu taratibu. Rudia kwenye lami kavu, kisha iliyolowa, kisha kwenye majani. Majani ya vuli yaliyolowa mvua, pale Pioneer Square kwenye miti mingi, yanateleza kama nini sijui. Vifuniko vya chuma barabarani vivyo hivyo: usikate kona juu yake, usifunge breki juu yake. Upite wima, basi.

Na reli. Seattle ina tramu mbili, ya South Lake Union tangu 2007 na ya First Hill tangu 2016. Ufa wa reli una upana unaotosha kumeza tairi. Ukitaka kuvuka, geuka mpaka uikate reli kwa msalaba, hata kama inabidi uangalie nyuma, utoe mkono na kusubiri gari lipite. Usiivuke kwa kuiambaa. Wenyeji wa baiskeli wa hapa wengi wana kovu la jambo hilo.

Vilima, kingo na ngazi

Kupanda: badilisha gia kabla ya kilima, si katikati. Sogea mbele ya siti, inamisha kifua, pumua. Barabara ikiwa tupu, pindapinda kutoka upande hadi upande, utapunguza ukali. Hakuna aibu kushuka na kusukuma. Aibu ni kufika juu kwa aliyekupigia simu huku huwezi kusema neno.

Jambo hili la pumzi halisemwi vya kutosha. Ukifika kwenye tukio, redio mkononi, moyo unadunda masikioni, sauti yako itatoka kama ya mtu anayezama, na wenzako watadhani unauawa. Vuta pumzi ndefu mbili, kisha taja mtaa, kisha taja unachokiona. Mazoezi ya bastola yafanywe hivyo hivyo: zunguka uwanja kwa nguvu mara kadhaa, shuka, ndipo ulenge shabaha ukiwa na helmeti na glavu. Utashangaa mkono unavyotikisika.

Kupanda ukingo wa njia ya waenda kwa miguu: fika taratibu na uso kwa uso, vuta usukani gurudumu la mbele lipande, kisha sogeza uzito mbele la nyuma lifuate. Usiupande kwa mshazari, ni yale yale ya reli.

Kushuka ngazi: watu hutaka kujifunza hili siku ya kwanza, mimi huwaacha mpaka ya mwisho. Anza na ngazi mbili au tatu. Fika polepole, wima kabisa, pedeli zote sawa, simama, peleka makalio nyuma mpaka tumbo likaribie siti, mikono iwe laini, macho yaangalie chini kule ngazi zinakoishia. Breki zote ziguswe kidogo, gurudumu la mbele lisifungwe. Baiskeli itatikisika, iache itikisike. Ngazi ndefu kama Harbor Steps, zile zinazoshuka kuelekea ghubani, usizijaribu bila mkufunzi. Na ngazi zenye watu husukumi baiskeli yako kifuani mwao, hata kama una haraka. Beba begani.

Kushuka na kumsogelea mtu

Hapa ndipo baiskeli inapokuwa kazi ya polisi. Ukiwa bado unakwenda, simama juu ya pedeli ya kushoto, vusha mguu wa kulia nyuma ya siti, uupitishe kati ya mguu wa kushoto na fremu, uutue mbele ukiwa tayari unatembea. Ukifanya vizuri hakuna kusimama kati ya kuendesha na kutembea. Fanya mazoezi mpaka usifikiri. Kisha jifunze upande wa pili pia, kwa sababu mtu hatakuchagulia upande wa kukukabili.

Usiende kusimama puani pa mtu. Shuka mbali naye, na hatua zinazobaki ziende kwa miguu. Kama hujui amebeba nini, baiskeli iwe kati yenu, umeishika usukani na siti. Akija kwa nguvu, iache ianguke, rudi nyuma. Baiskeli ya serikali inanunuliwa nyingine. Ukipata nafasi ya kuilaza vizuri, ilaze upande wa kushoto, cheni na gia ziangalie juu.

Mtu akikimbia, utatamani kumkamata kola ukiwa juu ya baiskeli. Usithubutu, mtaanguka wote na wewe ndiye utakayekuwa chini. Mfuate kwa nyuma, umbali wa hatua kadhaa, sema kwenye redio anakoelekea, muache achoke. Binadamu anayekimbia kwa hofu hachukui muda mrefu kuishiwa. Wewe umeketi, yeye anahema. Akipunguza, shuka.

Na mwenzako? Msiende sambamba kama maharusi. Mmoja mbele, mwingine nyuma na pembeni kidogo, aone anachokiona wa mbele na anachokosa. Wa mbele anataja shimo, kioo, gari linalofungua mlango. Mmoja anapoongea na mtu, mwingine anaangalia watu, na baiskeli zote mbili ni zake kuzichunga.

Doria yenyewe

Haya yote nimeyasema ili ufike hapa: kuzunguka. Usiwe na ratiba. Wauza unga wanajifunza njia yako haraka kuliko mkuu wako. Pita barabara kubwa, rudi kwa kichochoro, zima taa dakika moja kizani uzoee macho, kisha iwashe ghafla. Tumia pua: bangi, petroli, moshi wa plastiki, gesi. Tumia masikio, ndiyo faida ambayo mwenzako aliye ndani ya gari lenye kipupwe hana. Kioo kinachovunjika ghorofa ya pili, mwanamke anayesema "niache" kwa sauti ya chini. Nimeingia mara nyingi kwenye jambo kabla mtu hajapiga simu, kwa kusikia tu.

Ongea na watu. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2008 uliolinganisha doria za magari na za baiskeli ulikuta askari wa baiskeli anakutana na watu zaidi ya mara mbili ya wale anaokutana nao wa gari. Sikuhitaji utafiti kuniambia. Mtu hagongi kioo cha gari la polisi kuuliza njia, lakini baiskeli anaisimamisha. Nakumbuka mama mmoja wa Kikongo, mtu wa Uvira, kwenye kituo cha treni cha Tukwila International Boulevard. Alikuwa amepotelewa na mtoto, na polisi kwake ni watu wa kuogopwa, kwa sababu anazozijua yeye. Alinizunguka mara mbili akiitazama baiskeli. Nilipomsalimia "Shikamoo mama, kuna nini?" akakaa chini akalia. Mtoto tulimpata kwenye jukwaa la pili, anakula chipsi. Kama ningekuwa ndani ya gari asingenisogelea. Nyinyi mnaojua Kiswahili, au Kisomali, au Kiamhari, salimieni watu kwa lugha zao. Huku kusini mwa King County, kaunti yenye jiji la Seattle, salamu hiyo ina thamani kuliko bastola.

Upande wa pili wa jambo hilo: usiwe askari wa vijikosa. Kaunti ya King ilikuwa na sheria ya lazima ya helmeti kwa wapanda baiskeli, na takwimu zikaonyesha kwamba watu weusi na wasio na makazi ndio waliokuwa wakiandikiwa faini kupita kiasi chao. Bodi ya Afya ya kaunti iliifuta Februari 2022. Mimi nilifurahi. Askari wa baiskeli anayemsimamisha mpanda baiskeli mwenzake kwa kofia siku ya Jumatatu hatapewa habari na mtu yule siku ya Alhamisi, habari ya bunduki iliyofichwa.

Maandamano

Kuna matumizi ambayo wengine wenu mtapangiwa mkitaka msitake. Seattle ilitumia baiskeli kuzuia umati kwenye mkutano wa Shirika la Biashara Duniani mwaka 1999, na tangu hapo mbinu hiyo imeenea: askari wanapanga baiskeli mstari mmoja, gurudumu kwa gurudumu, ikawa uzio unaohama. Kama uzio ni kitu kizuri. Unasogea, unafunguka mgonjwa apite, hauna sura ya ngao na virungu.

Tatizo linaanza uzio unapogeuzwa fimbo. Mwaka 2020, kwenye maandamano baada ya kifo cha George Floyd, Mmarekani mweusi aliyeuawa na polisi, dunia iliona picha za askari wakiwasukuma watu kwa baiskeli, na BikeCo, wasambazaji wa baiskeli za Fuji huko Amerika Kaskazini, walisimamisha kuwauzia polisi. Septemba mwaka ule video ya Seattle ilionyesha askari akipitisha baiskeli yake juu ya kichwa cha mtu aliyelala barabarani. Sikuhitaji kusubiri uchunguzi kujua lile lilikuwa kosa, na nawaambia wapya hivyo hivyo.

Ukiwa kwenye mstari: shika usukani na siti, baiskeli iwe imara mbele yako, usiinue magurudumu kutoka ardhini. Kabla mstari haujasogea, watu waambiwe kwa sauti waende wapi, na pawe na njia ya kwendea. Ukimsukuma mtu asiye na pa kwenda, ataanguka, na nyuma yake kuna mtu mwingine. Aliyeanguka mzunguke, mpe mkono. Maji unywe kabla, maana mstarini hutapata nafasi.

Matunzo ya baada ya zamu

Mvua ya huku si kubwa kama ya kwetu masika, ni ya manyunyu yasiyokoma, na manyunyu hula cheni vibaya. Ukirudi, futa cheni kwa kitambaa kikavu, tia mafuta tone moja kila kiungo, zungusha, kisha futa tena mafuta ya juu. Mafuta yaliyobaki nje hukamata mchanga tu. Kagua tairi kwa vipande vya chupa, vitoe kwa ncha ya kisu kabla havijafika ndani. Usioshe kwa maji ya kasi, yanasukuma grisi itoke kwenye beringi.

Breki za diski zikilia, usizitie mafuta ya aina yoyote, hata yule mkongwe wa kituoni akikuambia. Tone moja likigusa diski, pedi zimekwisha na baiskeli haisimami. Andika kasoro kwenye kitabu, mpe fundi, na kesho yake chukua ya akiba.